Mbavu za Baba Mkwe Chini ya Gari la Rimoti

Kuna siku niliona mbavu za baba mkwe wangu zikipita mbio mbele ya nyumba, na mwenyewe ameketi kwenye kiti, anakunywa chai.

Sikuwa nimelewa. Nisikilizeni.

Ilikuwa 1987, hapa Eldoret. Mume wangu Opiyo alikuwa karani kiwandani. Jirani yangu alikuwa Dahabo, na bwanake Abdullahi aliendesha lori kwenda Lodwar. Huyo Abdullahi alijinunulia gari la rimoti, jekundu, urefu kama mkate. Mwanaume mzima, ndevu hadi kifuani!

Akisafiri tu, sisi wake za watu tunalitoa.

Tunalikimbiza nje, erio ya rimoti, ule waya wa kunasa mawimbi, imesimama. Enzi hizo za chama kimoja, ukionekana na erio mkononi, mtu anaweza kuuliza unatangazia nani. Kwa hivyo tulicheka tukifunika midomo.

Shida ilikuwa tumbo. Gari lilikaa chini sana, changarawe zikaanza kula ile plastiki nyeupe ya chini.

"Wallahi, Abdullahi akiona hii mikwaruzo, narudi Garissa kwa miguu," Dahabo akasema.

"Tulia. Tutalivalisha kamisi."

Tukajaribu kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Kikapasuka. Tukajaribu tyubu ya baiskeli. Gari likajivuta kama ng'ombe wa Ainabkoi kwenye matope. Tulitaka kitu chembamba, kigumu, chenye kuteleza.

Ndipo shetani akanikumbusha eksirei.

Baba mkwe, Mzee Ondiek, alikuwa ameanguka akiezeka nyumba kwake Gem. Kisumu walimpiga picha ya kifua, wakamwambia ailete kwa daktari wa huku. Alilala chumba cha nje, maana kwetu baba halali kwenye nyumba ya mwanawe. Na mke wa mwana haingii huko, wala hagusi kitanda chake. Kitanda alitandika Opiyo.

Picha ilikuwa chini ya godoro.

Mzee akaenda kunyolewa. Nikaingia. Nikainua godoro.

Najua. Hata sasa mkono wangu unaona haya kuandika.

Nilijiambia Kisumu wameshaitazama. Picha ikishatazamwa, si kazi yake imekwisha? Darasa la saba halikunifundisha zaidi. Pembeni palikuwa padogo, nikakata katikati. Iliyobaki nikairudisha ndani ya bahasha.

Tukabandika kwa gundi ya viatu. Wee! Gari liliteleza kama limepakwa samli. Likipanda jiwe linashuka bila hata mkwaruzo.

Kesho yake Mzee ameketi barazani na chai yake. Gari likagonga jiwe, likapinduka chali. Juu ya ile plastiki nyeupe, mbavu tatu za Mzee zikatazama mbingu.

Nikaruka, nikalifunika na leso. Nikamchungulia. Alikuwa anapuliza chai.

Haoni huyu, nikajiambia. Hata gazeti hulisoma amelinyoosha kule mbali.

Jumanne tukaenda hospitali, jina lake nimelisahau makusudi. Mimi nimebeba chupa ya chai. Daktari Githinji akainua picha dirishani.

Tundu. Jua likapita katikati, likampiga usoni.

"Mzee, ubavu wenyewe uko wapi?"

Opiyo akakodoa macho. Mimi nikaikumbatia chupa ya chai.

"Nilikata mimi," Mzee akasema. "Nilitaka kipande cha kutazamia jua, lisiniumize macho."

Daktari akacheka. Nesi akacheka. Opiyo, mtoto aliyemzaa mwenyewe, akamgombeza mbele ya foleni nzima. "Baba, kweli? Kama mtoto mdogo?"

Mzee akainamisha kichwa, kofia ameishika kwa mikono miwili.

Na mimi? Nikamimina chai. Ndiyo kazi niliyoipata.

Picha mpya ilikuwa ya kungoja wiki tatu. Wiki tatu nilimsikia usiku akikohoa kidogo kidogo, ile ya mtu anayeogopa kifua chake. Kila nikitaka kusema, naona godoro. Kukata picha ningesamehewa. Lakini kuinua godoro la baba mkwe ni kikao cha wazee, na ningesimama katikati.

Nikaendelea kupika chai.

Alipopata nafuu, siku ya kurudi nyumbani, Opiyo alitangulia na mfuko. Mzee akasimama mbali nami, kama inavyofaa.

"Nyar Ugenya," akaniita, yaani binti wa Ugenya, nilikozaliwa.

"Baba."

"Mbavu zangu zilikimbia vizuri. Kule Gem hazikimbii hivyo."

Nikakosa pa kuweka uso.

"Macho yangu hayaoni karibu," akasema. "Mbali yanaona hata nzi."

Akaenda zake.

Hakumwambia mtu. Opiyo alikufa hajui.

Abdullahi naye alirudi kutoka Lodwar, sisi tumeshabandua picha na kusugua ile mikwaruzo ya mwanzo kwa dawa ya meno; akageuza gari lake, akafurahi. "Dahabo, umelitunza! Tumbo safi kabisa!" Dahabo akanitazama, mimi nikatazama vyombo.

Wajukuu zangu, mkiona mtu anateleza maishani bila mkwaruzo, msimsifu haraka. Mgeuzeni kwanza, mwangalie chini. Kuna mbavu za mtu.

Mimi huyu mnayeniita Mama Seline mwenye heshima zake, nigeuzeni. Mtazikuta za Mzee Ondiek, tatu.