Nilipoacha Kupiga Muheme

Kwetu Bahi, muheme ni ngoma ya wanawake. Tunaibana kati ya mapaja, na kabla ya kuipiga tunaipasha moto ili ngozi ikaze. Mimi nilipiga ngoma kuu. Pasipo ngoma kuu hapakuwa na unyago, na pasipo unyago msichana hakeketwi. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nilipoamua kupinga ukeketaji sikuwa na cheti wala ofisi. Niliwaambia wenzangu kikundini: harusi tutapiga, mavuno tutapiga, unyago basi. Walinisusia mwaka mzima, hata kuniazima kibiriti hawakutaka. Nikatunga wimbo wa kumsuta ngariba. Ukapendwa Zuzu, ukapendwa hadi Mtera, na wakubwa wa wilaya wakanipa kipaza sauti na fulana yenye maandishi. Misimu mitatu ikapita bila ngoma za wasichana. Nilijisifu, siwezi kuficha. Nilisimama jukwaani nikasema kijiji changu kimeacha.

Mwaka huu binti wa mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike nikiwa safarini kuimba. Niliporudi, mtoto alikuwa na wiki tatu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Hebu nipe mjukuu wangu nimwogeshe."

"Ameshaoga."

"Ataoga tena. Si chumvi huyu, hatayeyuka."

Alinipa mtoto bila kunitazama. Nilipomfungua nepi nikaona kidonda kinachoanza kupona. Mdogo wangu alikuwa mlangoni akipepeta mtama, na ungo haukusimama.

"Siku hizi tunawafanya wakiwa wachanga," alisema. "Hakuna sherehe, hakuna anayejua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotunyima ngoma, dada."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyonieleza bei ya mtama. Nilitaka kukasirika, lakini kilichonijia ni aibu, na aibu ile sijaipatia wimbo. Nilimwogesha mtoto taratibu, nikamkausha, nikamfunga kanga, na kesho yake tukampeleka zahanati.

Zamani wasichana walikeketwa wakiwa na akili zao. Ngoma ilianza kulia siku kadhaa kabla, na asiyetaka alipata nafasi ya kukimbia. Wawili walikimbilia nyumbani kwangu. Huyu wa wiki tatu alikuwa mikononi mwangu, akinyonya kidole changu.