Walinichagua Ili Tufungwe

Mchezo wa besiboli nilijifunza sekondari, Dar es Salaam, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyekuja na mifuko miwili ya glavu. Nilikuwa mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Niliipenda kazi ile kwa sababu hakuna kinachoanza mpaka mrushaji aamue.

Nilipofika Johannesburg mwaka 2015 na kuanza kuuza soksi na mikanda Marshalltown, sikufikiri ningeushika tena mpira ule. Aliyenirudisha mchezoni ni mteja wangu mmoja, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa jengo la jirani. Yeye mchezo aliujulia hukuhuku, alipokuwa akilinda uwanja mmoja kusini mwa jiji, ng'ambo ya vilima vya mchanga wa migodi. Mipira iliyovuka ua alikuwa akiirudisha kwa mkono mmoja, kutoka mbali, mpaka wachezaji wakamwita ndani. Mwaka ulipokwisha alikuwa mpigaji bora wa timu yao.

Mfadhili wa timu, mwenye duka la matairi, aliwalipa wachezaji wachache wazuri posho ya kila mwezi. Rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikaa benchi misimu miwili bila posho na bila lawama. Mpira wangu ulinyooka vizuri lakini ulikwenda polepole, na hakuna kitu mpigaji hodari anachokipenda kama hicho.

Mwaka 2017, kabla ya msimu kuanza, kocha aliwaita wale wa posho mmojammoja ndani ya gari lake. Kila aliyeshuka alikuwa hana timu. Rafiki yangu aliposhuka alichukua begi lake, akasimama karibu nami akifunga zipu iliyokuwa imekwisha kufungwa.

"Banasema makuta ya kutulipa imeisha," aliniambia, makuta kwao yakiwa ni pesa.

"Si ucheze bila posho?"

"Nilibaambia nitacheza bure. Banakataa."

Jibu hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua, kwa sababu muda huohuo kocha aliniita mimi, akaniwekea mkono begani.

"Msimu huu mrushaji wa kwanza ni wewe," alisema. "Utaanza kila mechi. Tukishinda, tukifungwa, sitakutoa."

Hakuna mtu aliyewahi kuniahidi jambo kama hilo katika nchi ile. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu, ambaye alikuwa akisuka nywele katika saluni moja mjini kati. Alinunua kuku. Ijumaa nikawatangazia Watanzania wenzangu nje ya msikiti, na watu wasioijua besiboli hata kwa picha wakanipa hongera.

Mechi ya kwanza tulifungwa hadi watazamaji wakaanza kuondoka. Ya pili iliokolewa na radi. Mvua za alasiri za huku hazina mzaha, na mwamuzi alitufukuza uwanjani kabla aibu haijakamilika. Ya tatu, ya nne, hali ileile. Kila nilipotoka nikiwa nimeinamisha kichwa, kocha alinipigia makofi. "Sharp, sharp," alisema. "Endelea hivyohivyo." Nilimwona kama baba.

Wapinzani walinipa jina. Taa za barabarani huku huitwa robot, na mimi wakaniita robot ya kijani, kwa sababu kwangu kila mtu anapita. Benchi lao lote liliimba jina hilo nikijiandaa kurusha. Mke wangu alipolisikia mara ya kwanza alicheka na kupiga makofi, akidhani ananisikia nikisifiwa. Alipoelezwa maana yake hakuja tena uwanjani kwa muda mrefu, na nyumbani hakuniuliza matokeo. Watani wangu wa msikitini nao walilipata, sijui kupitia nani. Likanifuata mpaka kwenye meza yangu ya soksi.

Msimu ukikaribia mwisho rafiki yangu alikuja kutazama. Alikaa nyuma ya wavu mpaka mwisho. Tukiwa tunatembea kwenda kutafuta teksi, akaniuliza, "Weye hauone?"

"Nisione nini?"

"Timu ya mwisho njo inachaguaka wa kwanza."

Nilijua utaratibu huo. Kila mwaka vijana waliomaliza mafunzo ya ligi waligawiwa kwa timu, na iliyoshika mkia ilichagua kabla ya wengine. Mwaka ule kulikuwa na vijana wawili waliozungumzwa na kila mtu.

"Sisi banatufukuza juu tunashindaka," alisema, juu kwao ikiwa ni kwa sababu. "Weye banakuweka juu..." Hakumaliza.

Nilimwambia ana wivu. Nilimwambia kwamba nafasi yake imemuuma ndiyo maana anataka kuiharibu yangu. Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa, akapanda teksi ya mbele, mimi nikabaki nikingojea nyingine.

Wiki iliyofuata nilimfuata kocha akiwa anapanga magongo kwenye buti la gari.

"Ni kweli unataka tushike mkia?"

Hakugeuka. "Nani amekuambia?"

"Ni kweli?"

Akafunga buti, akaliegemea. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja nguvu.

"Tumekuwa wa nne, wa tano, miaka yote," alisema. "Unamjua mtu anayemkumbuka wa tano? Mwaka mmoja wa aibu, vijana wale wawili wanakuwa wetu, na posho tuliyookoa tunawalipa wao. Nionyeshe kosa liko wapi."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Nimewahi kukuambia urushe vibaya?"

"Hapana."

"Hiyo ingekuwa udanganyifu. Mimi nataka urushe kwa uwezo wako wote." Alinigusa bega palepale alipokuwa amenigusa siku ile ya kwanza. "Ndicho nilichokuchagulia."

Ningeweza kuacha. Mke wangu aliniambia niache. Lakini ilikuwa imebaki mechi moja, na timu tuliyokuwa tunacheza nayo ilikuwa juu yetu kwa nafasi moja tu. Tukishinda, wao ndio wangeshika mkia, na mpango wote wa kocha ungeanguka. Nilitaka kumwangusha. Kila asubuhi kabla ya kupanga bidhaa nilikwenda nyuma ya ghala moja bovu Newtown na kurusha mpira ukutani mpaka mlinzi anifukuze. Nilikula vizuri. Niliswali nikimwomba Mungu anipe ushindi mmoja, na nilimweleza sababu bila kuipamba.

Siku hiyo mke wangu alikuja. Mwanzoni mambo yalikwenda kama nilivyoomba. Wapigaji wao walikuwa dhaifu karibu kama mimi, na wenzangu, ambao nao walikuwa wamechoka kuchekwa, walikimbia kama watu wanaofukuzwa. Tuliongoza. Nilimtazama kocha nikaona amekaza taya, na furaha niliyoisikia wakati ule sijawahi kuisikia tena.

Kisha mkono ukaisha. Hakukuwa na maumivu, uliisha tu. Mpira ukawa unatoka kwangu kama embe linalopewa mtoto. Wakaugonga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wimbo wa robot ukaanza. Nilimgeukia kocha, nikamwomba kwa mkono anitoe, kwa kuwa alikuwepo mwingine benchi ambaye angeweza kuulinda ushindi ule. Kocha alikunja mikono kifuani na kutikisa kichwa. Alikuwa ameahidi hatanitoa.

Tulifungwa. Nilirusha kila mpira kwa nia ya kushinda, mpaka wa mwisho, na kocha alikuja akanipa mkono kwa dhati. Mke wangu alinivua glavu mwenyewe, vidole vyangu vilikuwa havifunguki.

Watu hubishana kama ni haki timu kujiangusha ili ijijenge upya. Wabishi wengi huzungumza kama vile timu ni ukuta. Mimi ninachojua ni kwamba wenye timu hawakufungwa hata mara moja. Tuliofungwa ni sisi tulioshika mpira. Na ninajua jambo baya zaidi, kwamba hesabu yao ilikuwa sahihi. Mwaka 2019 waliubeba ubingwa.

Nilikwenda kutazama fainali hiyo. Rafiki yangu nilimwalika, akasema yuko zamu. Baada ya kikombe kutolewa, kocha aliniona kwenye watu, akaniita nipige nao picha. Mrushaji wao mpya, mmoja wa wale vijana wawili, aliniangalia viatu, kisha akamuuliza kocha mimi ni nani.

"Huyu ndiye aliyetusaidia kukupata wewe," alisema kocha.

Kijana alidhani mimi ndiye mtu anayezunguka kutafuta vipaji. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, akaniambia kwamba mama yake angependa sana kunishukuru.

"Msalimie," nilimjibu, tukageukia kamera.