Leo Nimemvua Baba Mkwe Blanketi

Jamani, leo nimemvua baba mkwe blanketi, na chini yake alikuwa na bukta tu.

Msicheke kwanza.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaacha heroini. Kule Mwanza alikuwaga anakunywa dawa yake ya methadoni kliniki, halafu anafungua mdomo na kuinua ulimi, nesi ahakikishe ameimeza. Korona ilipoingia, wakampa chupa za dawa akanywee nyumbani, huku kwetu Butiama.

Na nesi wa nyumbani ni nani? Mimi.

Namchunga kwelikweli. Akienda chooni nasimama karibu. Akicheka peke yake naanza kunusa.

Sasa asubuhi nikaona mtu nyuma ya jiko kajifunika blanketi gubigubi, moshi unatoka pembeni. Nikasema leo nimekukamata! Nikavuta.

Kumbe ni mvuke. Sufuria ya majani ya mkaratusi. Na baba mkwe.

Uso wangu sikujua niuweke wapi.

Mara shemeji huyo, anakuja na maji ya moto. Sufuria ilikuwa yake, alitaka kujifukiza mafua.

"Baba, kumbe na wewe unaumwa?" shemeji akauliza.

Mzee akajibu bila kupepesa: "Siumwi. Nilitaka kujua unavuta nini humu."



Shemeji akaomba dozi yake ya leo. Akainywa mbele yetu. Akafungua mdomo, akainua ulimi, akasogea kwa baba yake, kisha kwangu.

Hakuna aliyemwambia afungue.

Semeni ukweli, nyie mngetazama?

Mimi nilitazama.