Zisafishwe Zote

Kaka yangu alikuwa mpiga picha, na mtaani walimwita Baba Majini. Si kwamba alifuga jini, jamani. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, limejaa picha zilizochorwa zamani kwa ajili ya vitabu: wanawake wenye mabawa ya nondo, malkia aliyelala chini ya maji macho wazi, mnyama mwenye pembe akilia mbele ya mlango uliofungwa. Alizipata kwa wauza karatasi kuukuu, kabla hazijageuzwa karatasi za kufungia misumari. Zote zilikuwa zimechorwa kwa mkono, kwa rangi ya maji.

Wala hakuwa mchoyo. Ukiitazama picha ukanyamaza, umeshampata. Ataipiga kwa kamera yake, ataisafisha kwenye chumba cha giza, na nakala atakupa bure. Maana kwetu sisi tuliokulia studio, kusafisha picha ni kuitoa kwenye filamu ije kwenye karatasi. Fundi cherehani alipewa yule malkia. Watu walizipokea kwa mikono miwili, kisha wakaenda kumcheka barabarani. Nawajua kwa sura.

Simu zikaiua studio. Kaka akaoa ukubwani, mwanamke mpole, mchapakazi, aliyeliogopa lile sanduku hata akifagia chumba anageuza uso. Wifi yangu huyo hakuwahi kuiona studio ikiwa wazi.

Kisha macho ya kaka yakaanza kufifia. Daktari akasema atapasuliwa. Jicho moja huenda likapona, la pili tusilitegemee. Nilikuwa naye wodini. Kisu hakikumsumbua. Kilichomnyima usingizi ni sanduku: alitaka kila picha itolewe nakala, azigawe mwenyewe angali anaona, kwani akipofuka nani atazijali? Akampigia mkewe simu.

"Zile picha za sandukuni zisafishwe zote," akamwambia. "Nikirudi nizikute tayari."

Alijua mkewe atamwita fundi picha wa pale kona, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Hakufafanua. Neno hilo alikuwa amelisema maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza maana yake.

Alipokwisha kupasuliwa tulirudi nyumbani asubuhi, nimemshika mkono. Alipofika mlango wa uani akasimama. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa karatasi, zimebanwa kwa vibanio, zinakauka, vilevile kama zamani studio. Uso ukamchangamka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu ujana wetu.

"Umezisafisha," akasema.

Wifi akatoka, vidole vimemchubuka. "Zote. Nilijikaza nikazitazama usoni. Nimetumia sabuni na brashi laini. Hata yale madoa ya rangi yametoka, karatasi zimebaki nyeupe."

Nilitaka kumrarua, na sikuweza, kwa sababu alikuwa anatabasamu. Kaka akaisogeza karatasi moja karibu na jicho lake. Akainusa. Akaenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa kamba.

"Asante, mke wangu," akasema. "Zimetakata."

Nilipita kwa wote aliowapa nakala, nikiomba hata moja. Wengi walikuwa wamezitupa. Fundi cherehani alikuwa amemkata malkia akamfanya kipimo cha kola, na wala hakuona aibu kunionyesha.

Jicho lilipona vizuri. Siku hizi kaka anaona hata tundu la sindano, na hana cha kutazama.