Nilivyoiba Ushindi Wangu Mwenyewe Jambiani

Novemba 1997 nilidanganya kwenye jaribio, na jibu likatoka sahihi.

Naitwa Simai. Nilikuwa nasomesha fizikia mjini, na mchezo wangu ulikuwa redio ya ridhaa: unaita hewani, mtu wa Ulaya anakujibu.

Klabu yetu ilikuwa na redio moja tu, ya Mzee Khelef wa Mji Mkongwe. Mashindano ya redio ya mawimbi ya masafa ya chini yalikuwa yamebakisha wiki moja. Kiti kimoja. Watu wawili: mimi na Hamed.

Tulikuwa hatupikiki chungu kimoja.

Mzee akaamua: "Kila mtu aje na antena yake Jambiani. Itakayosikika zaidi Ulaya, mwenyewe ndiye atakayekaa kitini."

Nikasimamisha mlingoti wa mabomba ufukweni, nyaya za chini nikazitandaza kwenye mchanga wa maji chumvi. Hamed akavuta waya wa mita arobaini baina ya minazi miwili.

"Bomba lako hilo kaanikie kanzu," akanambia.

"Na waya wako mwachie Bi Wanu aanikie mwani."

Bi Wanu, mwenye nyumba tuliyoweka redio, akacheka peke yake.

Kebo mbili nyeusi ziliingia kwenye swichi ya kuchagulia antena. Moja, mlingoti wangu. Mbili, waya wa Hamed.

Jioni nikasikiliza. Mombasa na Dar walikuja wazi zaidi kwenye waya. Nikaona kiti kinakwenda kwa Hamed.

Ikaadhiniwa magharibi. Watu walio pamoja husali pamoja. Sisi tulikwenda kwa zamu, kila mmoja akichelea kumwachia mwenzake redio.

"Hata kwenye sala mnaviziana?" Mzee akauliza.



Nikaenda naye msikitini, Hamed akabaki. Niliporudi, akaenda Hamed. Mzee alikuwa bado msikitini kwenye nyiradi zake.

Nikazichomoa plagi mbili nyuma ya swichi, nikazibadilisha, ili sauti ya waya ihesabiwe yangu. Dakika haikufika.

Saa moja u nusu tukampata hewani Mfini mmoja, huko Ulaya. Hakujua ipi ya nani. Mzee akageuza swichi mara kumi.

"Moja, tisa. Mbili, saba." Kila mara Mfini alitoa alama hizo hizo za nguvu ya sauti.

Nimeshinda. Kwa wizi, nilidhani.

Hamed akaruka. "Mzee, hiyo haki yangu! Moja ni waya wangu!"

"Umejuaje?"

"Nlizibadilisha plagi nyinyi mko msikitini! Iliyoshinda yangu!"

Mzee akachukua tochi, akaishika kebo ya moja, akaifuata kwa mkono mpaka nje. Sisi nyuma yake.

Ikaishia kwenye mlingoti.

Hamed alibadilisha. Mimi nikabadilisha tena. Zikarudi pahala pake.

Hamed akanitazama. Alishafahamu.

"Simai, sema."

"Kebo ishasema," nikamjibu.

"Kusanya vyako, Hamed," Mzee akasema. "Klabuni usije tena."

Nilikaa kitini mashindano mazima. Hamed hakugusa redio tena.

Ukweli ni huu: yeye aliuogopa mlingoti wangu, mimi niliuogopa waya wake. Na mimi ndiye niliyekosea, mwalimu wa fizikia. Niliupima waya kwa Mombasa. Waya uliofungwa karibu na ardhi hurusha mawimbi juu, sauti ikaangukia karibu. Mlingoti kando ya maji chumvi hupeleka mbali.

Ukilinganisha vitu viwili na kimoja ni chako, usiguse plagi. Mpe mtu asiyejali nani atashinda.

Jibu letu lilikuwa sahihi. Wadanganyifu tulikuwa wawili, akafukuzwa mmoja.