Chupa za Jumatano

Kwetu Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jeneza halishushwi kaburini kabla mtu hajasimama kueleza ugonjwa. Siyo mchungaji, siyo mwenyekiti wa kijiji. Ni yule aliyemuuguza marehemu. Anasimama mbele ya watu na kusema: ulianza mwezi fulani, ulianzia hapa, tulimpeleka pale, alikula hiki, alikataa kile, na pumzi ya mwisho ilitoka saa fulani mimi nikiwepo. Wajomba wa marehemu wanakaa mbele, au kaka zake kama ni mama aliyeolewa, na wanasikiliza kama mahakimu. Wakiona pengo katika maelezo, wanauliza. Wasiporidhika, hakuna kuzika, hata jua liwake vipi.

Sijamwona mtu aliyesimama hivyo mara nyingi kama Prossy Ocokoru. Mimi naitwa Jude, naendesha pikipiki ya kikundi chetu, na nimemsikia akieleza magonjwa kuliko nilivyosikia mahubiri, ingawa Jumapili sikosi misa. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekuelekeza njia ya kwenda kisimani. Siku moja nilimuuliza anawezaje, akaniambia moyo wake umeota sugu kama kisigino, na kwamba kisigino hakikuzuii kutembea.

Alizaliwa upande wa Vurra, akaletwa Koboko akiwa mdogo. Alisoma mpaka darasa la saba, akauza unga wa muhogo sokoni, na mumewe alipokwenda Sudan kutafuta kazi na asirudi, alibaki na mama yake, Margarita. Kuuguza alianza bila kuulizwa na mtu. Jirani alikuwa amelala miezi mitatu na vidonda vya mgongoni, Ocokoru akaingia na beseni na sabuni. Glovu hakuwa nazo, alivaa mifuko ya plastiki mikononi. Baadaye walipata kuwa wanawake wanne, kisha nikaingia mimi, na muuguzi Sadiya, na mwalimu mstaafu Faruk akawa mwenyekiti kwa sababu alijua kuandika barua. Tukakiita kikundi Kando ya Kitanda.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Ruzuku ilitubadilisha. Taasisi moja ya hisani yenye ofisi Kampala ilisoma barua ya Faruk na kutupa miaka mitatu ya msaada: glovu za kweli, baiskeli nne, pikipiki moja, mshahara mdogo wa Sadiya, na petroli. Petroli ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali serikali inaitoa bure, lakini dawa haina miguu. Sadiya aliichukua hospitali, akaipima katika chupa za siku saba, na kila Jumatano asubuhi mimi nikazisambaza nyumba kwa nyumba. Mgonjwa aliyekuwa anauma shuka wiki iliyopita nilimkuta amekaa anakunywa chai. Mambo hayo niliyaona kwa macho yangu.

Kisha ugonjwa ukaingia nyumbani kwa Ocokoru mwenyewe. Saratani ya kizazi, mama yake. Margarita akawa nyumba mojawapo katika mzunguko wangu wa Jumatano, na nilikuwa nampa chupa yake mkononi, naye ananiuliza kama nimeoa.

Mwaka wa tatu ulipokaribia kwisha, barua ilikuja. Taasisi inafikiria kutuongezea miaka mingine mitatu, na kabla ya kuamua inaalika vikundi vyote vya eneo letu la West Nile kwenye mafunzo ya siku nne Arua, Jumatatu hadi Alhamisi. Barua ilisema "timu yenu". Faruk alilisoma neno hilo mara mbili kwa sauti.

Mtu wa kwingine angetuma watu wawili. Sisi tumelelewa kwamba ukialikwa ukapeleka nusu ya nyumba, umemtukana mwenyeji. Tulijua kwamba kiti kitupu kitaonekana. Tuliamua kwenda wote saba, na hakuna aliyepinga, mimi nikiwa wa kwanza kushona suruali mpya.

Ocokoru peke yake alisita. Jumapili mama yake alikuwa amekunywa uji nusu kikombe. Nilikuwepo, nikamsikia Margarita akimfukuza.

"Enda. Kiti yako ikibaki bure, wao watasema nini? Siku nne iko kidogo. Nadine iko hapa."

Nadine ni jirani, mama wa Kikongo kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka, anayeuza samaki wakavu. Ocokoru alimwonyesha chupa na kijiko cha plastiki: kijiko kimoja, kila baada ya saa nne. Nadine akarudia maneno mpaka akayashika. Chupa ilikuwa na dawa ya kufikia Jumatano asubuhi, kama chupa zote. Tuliiona sote. Sadiya ndiye aliyeipima, mimi ndiye niliyeileta. Hakuna aliyeifikiria Jumatano, kwa sababu Jumatano ilikuwa inajipanga yenyewe kwa miaka mitatu.

Hoteli ya Arua ilikuwa na feni na kuku mchana. Siku ya kwanza Annie, afisa wa taasisi, mama mpole anayezungumza Kiswahili cha vitabuni, alituhesabu kwa macho.

"Kando ya Kitanda, karibuni. Kwani mmekuja wote? Nani amebaki na wagonjwa?"

"Majirani wapo, madamu," Faruk akajibu, na tukacheka. Ocokoru hakucheka, alikuwa anaandika tarehe katika daftari jipya.

Jumatano Annie alitushangaza. Alisema amechoka na fomu zinazotoka Kampala, sasa sisi tumwambie kitu gani kihesabiwe ili ijulikane kazi imefanyika. Vikundi vikataja idadi ya semina, idadi ya wanachama. Ocokoru akanyoosha mkono.

"Andika vitu viwili tu. Mtu alikufa na mtu kando yake? Na dawa ya maumivu ilikuwepo?"

Ukumbi ulipiga makofi. Annie aliyaandika ubaoni kwa herufi kubwa, akasema fomu mpya itaanza na maswali hayo. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Ilikuwa saa tano asubuhi ya Jumatano, na chupa zangu zilikuwa kabatini Koboko, zimefungiwa, na ufunguo mfukoni mwa Sadiya pale pale mezani. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu namlea mpaka leo.

Simu ya Nadine iliingia Alhamisi saa nane mchana. Ocokoru alisikiliza, akasema "Asante, mama," akafunga daftari. Annie alituazima gari, Ocokoru akakaa dirishani. Alitazama barabara mpaka Koboko. Nilitaka apige kelele, anipige hata mimi. Hakufanya hivyo. Alipofika alimwosha mama yake jinsi anavyoosha kila mtu, kuanzia usoni.

Wajomba walifika Jumamosi kutoka Vurra kwa lori, watu wengi, wakiongozwa na Onzima, kaka mkubwa wa Margarita, mzee mwembamba asiyesalimia kabla ya kukaa. Annie naye alikuja, amevaa kitenge, akakaa kwenye viti vya plastiki nyuma. Uamuzi wa ruzuku ulikuwa wiki mbili mbele.

Faruk alimvuta Ocokoru nyuma ya jiko, nami nikafuata.

"Dada, kinyozi hajinyoi. Wacha mimi nieleze. Ama eleza ugonjwa tu. Arua usitaje. Yule madamu akisikia sisi tuliacha wagonjwa, tumekwisha. Wagonjwa thelathini na tano, dada. Nani atawabebea dawa?"

Hakuwa mtu mbaya, Faruk. Alikuwa anasema kweli, na mimi nilitamani amsikilize. Nilikuwa na sababu zangu.

"Mwenyekiti," Ocokoru akasema, "sabuni ya kunawa watu imeisha pale mlangoni." Akaenda kusimama mbele ya jeneza.

Alianza kwa sauti ile ile ya njia ya kisimani. Damu ilianza kutoka mwezi wa pili mwaka jana. Tulikwenda kituo cha afya, wakasema ni uzee. Tulikwenda hospitali, wakasema ni saratani na imechelewa. Aliacha nyama, akapenda maembe mabichi. Alitaja miezi, akataja vipimo. Alifika Jumapili, uji nusu kikombe.

"Jumatatu asubuhi niliaga yeye. Kutoka hapo mimi hapana jua. Mimi sikuwepo."

Watu walinyanyua vichwa. Walikuwa hawajawahi kumsikia akikosa la kueleza. Onzima akaegemea fimbo yake.

"Mtoto wa dada yangu, wewe kazi yako ni hii. Watu ya Koboko yote wanasema hivyo. Nani alikuwa na yeye?"

Nadine alisimama katikati ya wanawake, mikono imeshika kitenge kiunoni.

"Ni mimi, baba. Nilimupatia dawa vile dada alinionyesha. Jumatano asubuhi ikaisha. Nilienda kwa ofisi yao, kulikuwa kufuli. Nikarudia mara tatu. Nilipiga simu, ilikataa kuingia. Mama alianza kulia. Alikuwa analia mpaka sauti ikakauka. Nilimuwekea kitambaa cha maji, nilimushika, sikuwa na kingine. Alhamisi saa saba mchana akanyamaza. Sikumuacha hata kidogo, baba, Mungu anaona."

Onzima hakumtazama Nadine. Alimtazama Ocokoru.

"Na ninyi watu ya dawa mlikuwa wapi?"

Nilimwona Faruk akifumba macho.

"Mjomba, tulikuwa Arua. Wote saba, na ufunguo. Wafadhili walituita kufundisha sisi kuandika ripoti. Hiyo Jumatano mimi nilisimama, nikawaambia waandike kama mtu alikufa na mtu kando, na kama dawa ilikuwepo. Walipiga makofi. Hiyo ndiyo hadithi ya ugonjwa ya mama yangu. Imeisha."

Nilitaka kusema kwamba chupa ni zangu. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, na mdomo wangu haukufunguka. Nimeandika haya ili yajulikane hapa basi, kama si pale.

Wajomba walikwenda pembeni. Walikaa huko muda ambao wapishi waliongeza kuni mara mbili. Onzima aliporudi alisema maneno machache.

"Hakuna pengo. Zika."

Annie alishika udongo kama wengine, akaondoka bila kuonana na Faruk. Wiki mbili zile Faruk hakula vizuri. Barua ilipokuja aliifungua kwa kisu cha jikoni. Miaka mitatu tumepewa. Chini kulikuwa na sentensi moja ya mkono: kuanzia sasa taasisi haitaita zaidi ya watu wawili kutoka kikundi chochote, na sisi tutakapotaka kuja wengi, turudishwe. Pamoja na barua ilikuwepo fomu mpya, maswali mawili juu kabisa.

Wa kwanza kujazwa alikuwa Margarita. Faruk alitoka nje ili asione. Mtu kando yake: ndiyo. Dawa: hapana. Ocokoru aliandika kwa kalamu ya bluu, akapuliza wino ukauke, akaniuliza kama pikipiki ina mafuta. Katika mzunguko ule ule wagonjwa wengine wanne, ndio wote waliobaki kwenye dawa ile ya maumivu, walikaa siku mbili bila dawa, na wao walipona maumivu tuliporudi. Fomu haina swali la watu hao. Aliongeza majina yao pembeni kwa mkono wake.

Kila Jumatano sasa anapanda nyuma yangu. Hanielekezi wala hanilaumu, na afadhali angenilaumu. Anaingia kila nyumba, anachukua chupa ya zamani, anaiinua mlangoni kwenye mwanga aone imebaki kiasi gani, kisha ndipo anaikabidhi mpya. Wiki iliyopita, kwenye nyumba ya mwisho, nilipata nguvu nikamuuliza kama amekwisha kumlilia mama yake.

Alikuwa ameinua chupa usawa wa macho.

"Bado," akasema. "Hii iko na vijiko viwili. Twende."