Sumu Ambayo Haikuwepo

Tangu Divin alipoanguka mara ya kwanza, wateja wa Mukabalisa walikuwa na adabu mpya. Walifika kwenye kibanda chake cha uji sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wakaamkia vizuri, wakauliza habari za mwanawe Shyaka, kisha wakasimama tu, kikombe mkononi, wakingoja yeye anywe kwanza. Kuonja mbele ya mgeni ni desturi ya kwao, Rwanda na Burundi, na mwenye nyumba huifanya kwa heshima. Lakini kungojwa uonje, tena na watu waliokua kwa uji wako, hayo ni matusi. Na hao ndio waliobaki. Wengine walikwisha kuhamia kwa muuza chai.

Kosa lake lilikuwa nini? Kwamba asubuhi moja Divin, kijana wa jirani yake Irangabiye, alikunywa uji hapo, na mchana akakutwa nyuma ya nyumba yao amelala kama gogo, povu mdomoni. Kati ya asubuhi na mchana kijana alikuwa amepitia kwa wauza kachasu, ile gongo ya Malawi, na mfukoni alikuwa na vidonge vya usingizi, vile vinavyouzwa kwa kificho, ambavyo kambini huitwa kinini; Mukabalisa mwenyewe aliviona vikidondoka walipomwinua. Hayo nani aliyataka? Mama yake alipiga yowe: "Balimupatia sumu!" Na kwa sumu kila Mrundi na kila Mnyarwanda anajua dawa yake: maziwa. Basi wakamshika kichwa, wakammiminia maziwa kijana asiyeweza kumeza hata mate. Maziwa yakaingia kifuani. Alilazwa Lilongwe majuma kwa majuma, na daktari akamweleza mama yake wazi kwamba si sumu, ni vidonge na pombe, na kwamba yale maziwa nusura yammalize.

Irangabiye alisikia vizuri. Akarudi kambini na hadithi yake ileile ya sumu. Mama wa mtoto aliyelishwa sumu huletewa sukari na maombi. Mama wa mtoto wa kinini husengenywa kisimani. Kati ya aibu yake na jina la jirani, alitupa jina la jirani. Watu nao, hodari wa methali pale zisipotakiwa, wakasema lisemwalo lipo. Mukabalisa, mjane aliyetoka Rwanda kwa miguu akiwa msichana, akapitia Kongo, akauguza nusu ya mtaa huu, akawa mlozi, yaani mchawi, kwa kikombe kimoja cha uji.

Ndipo ukaja ule umoja. Makanisa, waendesha kabaza, zile pikipiki za abiria, wahudumu wa kliniki ya kambi na wazazi wa Kawale, mjini Lilongwe, waliokwisha kuzika watoto wao, walikubaliana kuzifundisha familia namna ya kumwokoa mtu aliyezidiwa na pombe au vidonge. Mukabalisa alipanda minibasi mpaka Kawale kwenye mkutano. Mafunzo aliyapenda: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, si maji wala maziwa, mwite kabaza, mkimbize kliniki, na useme kweli amekunywa nini. Kisha akanyoosha mkono, akaomba kisa cha Divin kielezwe wazi, watu waache maziwa, na waache kumwita mlozi.

Mwenyekiti, mzee mpole aitwaye Karangwa, akatikisa kichwa.

"Mama Shyaka, huku hatutaje majina ya batu. Familia zitaona haya, hazitakuja tena."

"Na jina yangu, papa? Yangu banaitaja kila siku kwa soko."

"Vumilia, mama. Ni juu ya umoja yetu."

Vumilia! Neno hilo huwa halimgharimu kitu anayelisema. Kanuni ilikuwa nzuri, hata Mukabalisa aliikubali. Ilimlinda kila mtu isipokuwa yeye. Alirudi Dzaleka na hasira zake, na sahani ya nsima, ugali wa Malawi, akaisukuma kando.

Jumapili moja baada ya ibada, akiwa anachota maji pipani, alilisikia tena lile yowe upande wa pili wa uzio.

"Divin wangu! Bamemulisha tena! Leteni maziwa!"

Akasimama na ndoo yake. Akiingia akamgusa kijana, na kijana akafa, hapatakuwa tena na mahali Dzaleka pa kuweka chungu chake, na pengine nyumba yake itachomwa. Akikaa kwake, maziwa yatamaliza kazi. Alitamani kukaa. Tusifichane, alitamani sana. Kisha akaweka ndoo chini, akapenya kwenye uzio.

Divin alikuwa chali, midomo imegeuka kijivu, na Irangabiye ameshainamisha jagi. Mukabalisa akalipiga teke, maziwa yote yakamwagika.

"Mulozi! Anakataza dawa!" majirani waliokusanyika wakapiga kelele.

"Mi mulozi, sawa!" Mukabalisa akafoka, amekwisha kupiga magoti, anamgeuza kijana ubavu. "Mutanipiga akishaamuka. Guy! Leta pikipiki!"

Guy, kijana wa kabaza, alikuwa amefundishwa Kawale naye. Hakuuliza swali. Wakambana Divin katikati yao, wakaondoka, na Irangabiye akawafuata mbio bila viatu.

Kliniki, mhudumu alitaka kujua jambo moja tu: amekunywa nini? Irangabiye, akihema, akatazama sakafu.

"Sumu," akanong'ona.

Hapo Mukabalisa alipandwa na hasira. Akamsogelea pua kwa pua.

"Mama Divin, mutoto anakufa. Nilinyamaza mwaka muzima juu ya haya yako. Leo sinyamaze. Sema, ao mi nitasema."

Mficha maradhi kilio humfichua, na siku hiyo kilio kilikuwa karibu sana, pale kitandani, kikikoroma. Irangabiye akafunika uso kwa kitenge.

"Kinini. Kinini na kachasu. Ni kila siku. Mi nilijua tangu mwanzo."

Mhudumu tayari alikuwa kazini. Jioni Divin akafungua macho, akaomba maji. Mama yake akamshika Mukabalisa mikono kwenye korido, akalia, akaomba msamaha.

"Huku nani anasikia?" Mukabalisa akauliza, akitoa mikono yake. "Ulinichafua kwa soko. Utaniomba musamaha kwa soko."

Jumamosi iliyofuata, soko likiwa limejaa, Irangabiye akasimama mbele ya kibanda cha uji. Mzee Karangwa naye alikuwepo, akijikuna kidevu. Kwa sauti ya mbu, mama yule akasema kwamba mwanawe hakulishwa sumu, ni kinini na kachasu, kwamba yeye alijua, na kwamba alimwonea jirani yake.

Mukabalisa hakuinua macho kutoka kwenye chungu.

"Ongeza sauti, dada. Ile ya kunisingizia ilifika mpaka Lilongwe."

Irangabiye akavuta pumzi, akainua kichwa, akaanza upya.